Samaki wa baharini Mbeya: kabla ya chujio, angalia hewa

Swali: Shikamoo mama. Niko Mbeya mjini, mtaa wa Forest. Nimefuga mbuna wa Ziwa Nyasa miaka minne sasa na sijawahi kupata shida kubwa. Fundi amenitengenezea tangi jipya la kioo, sentimita 120 kwa 50 kwa 50, bado halijatiwa maji. Nataka samaki wa baharini tu, bila matumbawe: nemo wawili, kitatange, kangaja, na ikiwezekana bunju. Muuza vifaa wa Dar ananiambia chujio kubwa la kopo, lile la kukaa nje ya tangi, linatosha kabisa. Rafiki yangu anasema bila mawe hai na skima nitaua samaki wote. Ninunue kipi na kipi niache?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, maana ndilo linaloamua yote uliyouliza.

Siku ukipanda basi kwenda Dar, maliza chupa yako ya maji kabla hujatoka Mbeya, ifunge kizibo vizuri, iweke pembeni. Ukishamaliza kushuka Kitonga itazame, utaona imeanza kubonyea. Ukifika Chalinze imeingia mbavu kama vile mtu kaikalia. Hewa uliyoifungia humo ni ya Mbeya, nyepesi, na hewa nzito ya pwani inaikandamiza kutoka nje. Ni hewa hiyohiyo nyepesi inayofanya maharage yachelewe kuiva kwenu, kwa kuwa maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100.

Sasa samaki wako atapumua hewa hiyo kupitia maji. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni karibu asilimia 82 ya ule wa Dar. Maji hubeba oksijeni kulingana na mgandamizo huo, na chumvi nayo inaipunguza zaidi. Chukua maji ya nyuzi 25. Dar, maji baridi (nina maana yasiyo na chumvi, siyo ya baridi yenu ya Juni) yanaweza kushika kama miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita. Maji ya bahari hapohapo Dar, kama 6.8. Yapandishe maji hayo ya bahari hadi Forest, yanabaki na 5.5 tu, tena hapo ni pale ambapo yamechanganyika na hewa mpaka yakashiba. Mbuna wako walikuwa na 6.7. Kwa hiyo unatoka kwa samaki aliyezoea ziwa na kwenda kwa samaki aliyezoea mwamba wa bahari wenye mawimbi, halafu unampa hewa pungufu kuliko uliyokuwa ukimpa mbuna.

Ndiyo maana mimi chujio silipimi kwanza kwa idadi ya lita zilizoandikwa kwenye boksi. Nauliza maswali mawili: linaingiza hewa kiasi gani, na umeme ukikatika linakufa vipi. Muuza vifaa wa Dar hana sababu ya kujiuliza la kwanza. La pili angepaswa kujiuliza.

Nilijifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa pili na maji chumvi, hapa Iringa, nilikuwa na chujio la kopo zuri sana, kimya, limejificha kabatini. Usiku mmoja umeme ulikatika kwenye saa tatu. Nikalala. Ulirudi saa kumi na moja alfajiri, mimi bado usingizini. Niliposhuka sebuleni nilisikia harufu ya mayai viza kabla sijawasha taa. Nilichokuwa sijakielewa ni hiki: ndani ya kopo lililofungwa mna mabilioni ya bakteria wanaosafisha maji, na hao hawafanyi kazi bila oksijeni. Maji yakisimama wanaimaliza iliyomo kwa muda mfupi, wanaanza kufa, uchafu ulionaswa kwenye sponji unaanza kuoza bila hewa. Umeme ukirudi, pampu inachukua ule uozo wote na kuumwaga juu ya vichwa vya samaki ambao nao wamekaa saa nane bila mzunguko wa maji. Kangaja alikuwa amelala ubavu. Nemo walikuwa wanahema juu kabisa ya maji, midomo nje. Kati ya samaki sita walibaki wawili. Pampu ya hewa nilikuwa nayo, imechomekwa kwenye soketi ileile.

Basi kwa kopo jibu langu ni hapana, si kama chujio lako kuu. Huko kwenye mbuna lilikufaa, na najua huenda unalo tayari. Unaweza kulitumia kama kifaa cha pembeni cha kushika takataka au kuwekea kaboni siku mbili tatu, ukalisafisha kila wiki. Ila usilikabidhi bakteria wote wa nyumba.

Rafiki yako ana nusu ya haki. Tuanze na nusu anayokosea, mawe hai. Kwa asiyejua, haya ni vipande vya mwamba wa matumbawe vilivyojaa matundu, bakteria na vidudu, vinavyotolewa baharini na kuhamishiwa tangini. Ni chujio bora, sibishi: juu ya jiwe amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, inageuzwa kuwa naitraiti kisha naitreti isiyo kali sana, na ndani kabisa ambako oksijeni haifiki kuna bakteria wengine wanaopunguza hata naitreti. Lakini toka Dar hadi kwako ni zaidi ya kilomita 800 ndani ya basi, na kila kilichokufa njiani kitaozea ndani ya tangi lako. Halafu kuna suala la jiwe lenyewe limetoka wapi. Mtu akikuambia atakuletea mawe ya matumbawe aliyoyavunja mwenyewe, mwambie aache. Mwamba ule ndio nyumba ya samaki unaowataka, na mvuvi wa kule anauhitaji kuliko sebule yako. Wewe hufugi matumbawe, hivyo huhitaji mawe hai. Unahitaji mawe yenye matundu, na hayo Mungu amewamwagia huko kwenu.

Nazungumzia yale mawe mepesi ya kijivu au meupe yanayoelea majini, ambayo ukienda upande wa Tukuyu unayaona yamejipanga tabaka kwenye kingo za udongo uliochongwa. Mlima Rungwe uliyarusha ulipolipuka miaka kama 4,000 iliyopita. Ndani yana vijitundu visivyohesabika, na kila kijitundu ni chumba cha bakteria. Okota yenye ukubwa wa limao. Usiokote shambani, hasa kwenye kahawa: kahawa hupigwa dawa zenye shaba, jamii ya mrututu, na shaba ikiingia kwenye jiwe lenye matundu itakusumbua muda mrefu. Yasugue kwa brashi, yachemshe, kisha yaloweke kwenye ndoo wiki mbili huku ukibadilisha maji mpaka yanyonye na kuzama. Yatakayokataa kuzama yafunike na wavu, au yaache tu; nitakuambia mahali ambapo hayahitaji kuzama.

Nusu aliyopatia ni skima. Wewe wa mbuna hukuwahi kukiona kifaa hiki kwa sababu kwenye maji baridi hakifanyi kazi ya maana, mapovu yanakuwa makubwa na yanapasuka haraka. Kwenye chumvi mapovu yanakuwa madogo kama vumbi na yanadumu. Skima ni bomba lililosimama ambalo pampu yake inavuta hewa na kuivunjavunja ndani ya maji. Mafuta, ute, protini za chakula na kinyesi, vyote hivyo vina tabia ya kung'ang'ania pale maji yanapokutana na hewa, kwa hiyo vinapanda na povu hadi kwenye kikombe cha juu. Siku likikolea utaona povu zito la kahawia linapanda polepole na kujimwaga pembeni, kama povu la komoni kwenye ndoo ya mama muuzaji. Fungua kikombe na unuse mara moja tu, utaelewa kwa nini unalipia kifaa hiki. Uchafu ule umetoka ndani ya maji kabla haujaoza. Machujio mengine yote yanaushika tu na kuuacha humohumo majini mpaka wewe uje kuosha.

Ila sababu yangu ya kulipigania kwako ni nyingine: skima inaloweka maji hewa mchana na usiku. Kwa mtu wa Dar ni kifaa cha usafi. Kwako ni pafu. Kwa tangi lako chagua iliyoandikwa lita 500 au 600, maana watengenezaji wanakuwa wakarimu sana na namba zao. Usishangae ikikaa wiki nzima au mbili bila kutoa chochote, au ikimwaga povu la majimaji kila mahali; plastiki mpya inahitaji muda wa kupata utando. Usiirekebishe kila saa. Kama una fedha ya kitu kimoja tu cha dukani, weka hapa.

Sasa chujio la bakteria. Nakushauri mnara wa matone, yaani droo za mawe zinazodondoshewa maji, juu ya tangi la chini, lile dogo linalokaa chini ya tangi la samaki. Zamani mnara huu ulikuwa ndio mfalme wa matangi ya samaki watupu, kisha watu wa matumbawe wakaukimbia kwa madai kwamba unazalisha naitreti. Naitreti ndiyo mwisho wa kazi ya bakteria popote walipo, na kinachoizidisha hasa ni uchafu unaoachwa ukijikusanya humo bila kuoshwa. Samaki watupu wanaivumilia kuliko matumbawe. Ukiishikilia chini ya miligramu 40 kwa lita kwa kipimo chako hutakuwa na kesi.

Kinachonivutia kwenye mnara ni kwamba mawe hayazamishwi. Maji yanadondoka juu yake kama mvua, yanapita yakiwa utando mwembamba, na bakteria wanakaa wamelowa huku wamezungukwa na hewa. Ili kugeuza miligramu moja ya naitrojeni iliyo kwenye amonia kuwa naitreti, bakteria wanatumia zaidi ya miligramu 4 za oksijeni. Ukiwaweka ndani ya kopo wanazitoa kwenye maji, yaani wanagombania na samaki wako zile 5.5. Ukiwaweka kwenye mnara wanazichukua hewani, na maji yanashuka yakiwa yameshiba upya. Umeme ukikatika hawafi haraka, kwa sababu jiwe lililolowa linabaki na unyevu saa nyingi na hewa haijaenda kokote.

Wangu niliutengeneza kwa droo tatu za plastiki, zile za kuwekea nguo za mtoto. Nilitoboa kila sakafu matundu ya milimita 5, yakiachana kama upana wa kidole. Droo ya juu ina pamba ya mito, ile ya nailoni isiyooza, imetandazwa unene wa vidole viwili. Hiyo inashika takataka na inatupwa au kufuliwa kila siku ya tatu au ya nne. Droo mbili za chini zimejaa mawe. Hapa ndipo yale yaliyokataa kuzama yanapata kazi. Maji yanaingia juu, yanatoka chini na kuangukia kwenye tangi la chini la lita 80 ambamo skima na hita vimekaa, na pampu moja inayarudisha juu. Pampu ya lita 2,000 kwa saa itakupa kama 1,300 ikishapandisha maji hadi usawa wa tangi, inatosha. Ongeza kapampu kadogo ka kusukuma maji ndani ya tangi lenyewe, kaelekezwe juu ili uso wa maji utikisike muda wote. Uso uliotulia kama kioo ni mzuri kwa picha tu.

Ili maji yashuke lazima kioo kitobolewe, na bahati yako tangi halijajazwa. Muulize fundi kama kioo cha nyuma ni cha kawaida au kile kilichoimarishwa kwa moto. Hicho cha pili ukigusa na drili kinasambaratika chembechembe. Toboa ukuta wa nyuma, juu, kwa biti ya almasi na maji yakitiririka. Usikubali kile kisanduku cha kunyonya maji kwa mrija kupitia ukingoni. Umeme ukikatika mrija unaweza kuingiza hewa, umeme ukirudi pampu inapandisha maji lakini hayashuki, na wewe unaamka unaelea.

Hesabu nyingine ya umeme: pampu ikizimika, maji yaliyo juu ya usawa wa tundu yote yanashuka. Sentimita 2 tu za tangi lako ni 120 mara 50 mara 2, yaani lita 12. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia maji, karibu kabisa na uso wa maji, liwe linaingiza hewa na kukata mvuto, la sivyo litanyonya zaidi ya hapo. Kisha, kabla hujanunua chumvi, jaza maji ya bomba, washa, zima swichi ukutani, simama utazame. Rudia mara tano. Mimi nilirudia mara moja tu, na zulia la mama mkwe likanijulisha.

Zile njia nyingine nitazipitia haraka. Chujio la chini ya changarawe linafanya kazi na ni rahisi, watu walifuga nalo miaka mingi kabla ya mavitu haya, lakini uchafu unazama chini ya changarawe usikouona na bunju akifukua umekwisha. Chujio la kuning'inia mgongoni ni la matangi madogo. Taa ya UV inasaidia maji kuwa angavu. Watu wanaiuza kama dawa ya madoa meupe, ule ugonjwa wa ngozi ya samaki, mimi fedha hiyo ningenunulia tangi dogo la karantini na kumkalisha kila samaki mgeni humo mwezi mzima. Kaboni nunua ile ya akwaria, kwa ajili ya kuondoa harufu na rangi ya njano pale inapobidi. Mkaa wa kupikia uache jikoni. Nimeulizwa hilo zaidi ya mara moja ndiyo maana nalisema.

Baridi sasa, maana mnara una ubaya wake na sitakuficha. Maji yakidondoka hewani yanakauka, na yakikauka yanapoa. Kila lita inayoyeyuka inaondoka na joto la karibu uniti 0.68 za umeme. Kiangazi chenu cha Juni hadi Oktoba ni kikavu, utaweza kupoteza lita 3 kwa siku. Hizo ni uniti 2, kama hita ya wati 85 inayowaka bila kupumzika kwa ajili ya mvuke tu. Kwa hiyo fungia mnara ndani ya kabati, acha upenyo mdogo nyuma wa kuingiza hewa, na bandika bodi nyeupe za povu, zile wanazofungashia televisheni, chini ya tangi, nyuma na ubavuni. Nunua hita mbili za wati 200 badala ya moja ya 400. Hita hufa kwa namna mbili, kuzima au kugoma kuzima, na ile kubwa ikigoma kuzima itakupikia mchuzi. Maji yanayokauka yajazie kwa maji yasiyo na chumvi kila siku, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Maji ya mvua ni mazuri sana kwa kazi hiyo, ila acha mvua za kwanza zioshe paa, na kama bati ni jipya la zinki tumia maji ya bomba yaliyokaa ndoo wazi siku nzima na jiwe la hewa, kile kijiwe cha pampu ya hewa kinachotoa mapovu, likichemka ndani.

Kwa umeme kukatika, mpangilio wangu ni huu: hewa kwanza, pampu ya kurudisha maji ya pili, hita ya mwisho. Maji ya lita 300 hayapoi haraka, blanketi juu ya tangi linakununulia saa kadhaa. Oksijeni haikusubiri. Nunua pampu ya hewa ya volti 12 inayokula wati 4 au 5, iunge kwenye betri ya bodaboda ya Ah 7 yenye chaja, na mawe mawili ya hewa. Hesabu yake inakupa usiku mzima. Ijaribu mchana kwa kuzima kila kitu, usingoje usiku ikujaribu wewe.

Samaki wenyewe. Tangi lako ukitoa mawe na ukingo wa juu lina maji kama lita 250. Bunju mtoe kwenye orodha: anakula kwa fujo, anachafua kwa fujo, na mapezi ya nemo atayaonja siku moja. Kangaja wengi ni waogeleaji wa masafa na hula oksijeni kama mkimbiaji; sentimita 120 ni kumfungia chumbani. Kitatange usimnunue hadi umwone kwa macho yako akila chakula dukani, maana baadhi yao huko baharini wanakula matumbawe hai na tangini watakonda mpaka mwisho. Nemo wawili ni mwanzo mzuri. Wakikaa mwezi mzima bila amonia kuonekana, ongeza mmoja, kisha mwingine, ukomee samaki wadogo watano au sita. Najua si tangi ulilokuwa unaliota. Kule Dar lingebeba zaidi kidogo.

Chumvi nunua ile ya akwaria, siyo ya mezani ambayo ni chumvi tupu iliyotiwa madini joto. Kwa kuwa hufugi matumbawe huna haja ya ukali kamili wa bahari, ishike 1.021 au 1.022 kwenye haidromita. Unaokoa chumvi, na maji yasiyo makali sana hubeba oksijeni zaidi kidogo. Kwa mfumo wako wote, tangi la juu na la chini, ni kama kilo 10 za mwanzo. Sakafu ya tangi tandaza sentimita 2 za konokono waliosagwa, wale wa kuchanganyia chakula cha kuku, ila hakikisha ni magamba matupu bila premiksi, yaani vitamini na madini ya kuku, na yasuuze mpaka maji yatoke safi.

Kisha usiweke samaki. Washa kila kitu kwenye nyuzi 26, nunua usipa wabichi wachache pale Mwanjelwa, wafunge ndani ya soksi safi ya nailoni, tumbukiza. Wataoza, amonia itapanda, na baada ya wiki kadhaa utaona inashuka, naitraiti inapanda na kushuka, naitreti inabaki. Utoe soksi pale amonia inapofika miligramu 2 hivi kwa lita, la sivyo nyumba nzima itajua. Hesabu wiki nne hadi sita. Kipindi hicho skima izime, lakini pampu na hewa viendelee. Najua unafikiria kuhamisha sponji la kwenye chujio la mbuna ili kufupisha muda. Halitakusaidia sana, bakteria wa maji baridi wakiingizwa ghafla kwenye chumvi wengi hugoma au kufa.

Siku ya samaki, mwambie muuzaji asiujaze mfuko hewa mpaka ukaze kama ngoma. Hewa iliyofungwa Dar inatanuka zaidi ya asilimia 20 ikifika kwenu, na mfuko uliokazwa Dar utapasukia Mafinga. Aache theluthi legelege, na juu afunge oksijeni. Ukiupokea, uelee tangini dakika 20 hadi joto lilingane, kisha fungua na umhamishe samaki kwa kikombe bila kuchelewa. Ile desturi ya kudondosha maji taratibu saa mbili haifai kwa samaki aliyekaa mfukoni siku nzima: hewa chafu aliyoitoa imeshusha pH, yaani imeyatia maji uchachu, na kuifanya amonia iliyomo isiwe na makali, ukifungua tu mfuko hewa ile inatoka, pH inapanda, na amonia inageuka sumu wakati yeye bado yumo. Maji ya mfukoni yamwage nje. Muulize tu muuzaji kipimo chake cha chumvi siku moja kabla, ulinganishe tangi lako la karantini na hicho.

Mbegu ya bakteria wa maji chumvi ninayo. Nina sponji mbili zinazofanya kazi na naweza kukukatia moja vipande. Ukimpata mtu anayepita Iringa kuja huko, aje na ndoo ndogo yenye mfuniko, na aambiwe mapema kwamba sitaijaza maji. Sponji nitalikamua kidogo, nilifunge kwenye taulo iliyoloweshwa maji ya tangi, nililaze chini ya ndoo na kuacha nafasi yote iliyobaki iwe hewa. Asiiweke kwenye buti ya basi karibu na injini. Likifika liingie moja kwa moja kwenye droo ya pili, juu ya mawe, jioni hiyohiyo.